Mirihi hakuna hata tone la maji, wanajuaje kuwa mito ilikuwapo?

#1 MchimbaKisima
Assalaam alaykum wana jukwaa.

Wiki iliyopita tulikuwa tunamchimbia shemeji yangu kisima huku Makunduchi, kwenye uwanda. Pima ya tatu tukagonga jiwe gumu. Fundi akalipasua kwa mtaimbo, na ndani yake tukakuta chaza mzima, mistari ya gamba lake inahesabika, ila amekuwa jiwe. Pembeni yake kuna matumbawe yenye vitundu kama masega ya nyuki. Kutoka pale mpaka pwani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mzee wetu akasema, "Hapa palikuwa bahari." Hakuna aliyebisha, maana shahidi yuko mkononi.

Usiku mwanangu wa darasa la sita akaniambia wamefundishwa kuwa sayari ya Mirihi ilikuwa na mito na maziwa. Akaniuliza: "Baba, na huko wamekuta chaza?" Nikakosa jibu.

Ndiyo swali langu. Huko hakuna chaza, hakuna samaki, hakuna tone la maji linalosimama juu ya ardhi. Jiwe tupu linasemaje kuwa lilipitiwa na maji? Miye naona kama wanakisia. Mwenye ilimu anifundishe nikamjibu mtoto.

#2 KijanaDarajani
Nimetandika jamvi, nasubiri wajuzi.

#3 MwlJiografia
Wa alaykum salaam. Mwanao kauliza swali la mtu mzima, mpe hongera zangu.

Chaza si shahidi pekee. Okota kokoto yoyote chini ya mto, utaikuta laini, haina pembe. Kisha okota kipande alichopasua fundi wako kwa mtaimbo: kina ncha, kinakata mkono. Ile kokoto nayo ilianza hivyo hivyo. Maji yameiburura, imegongana na wenzake mpaka pembe zote zikaliwa.

Gari la utafiti Curiosity lilitua Mirihi Agosti 2012 ndani ya kasoko ya Gale, shimo lililochimbwa na kimondo, upana wake kilomita 154 hivi. Hata miezi miwili haijatimia likapiga picha ya mwamba uliofanyika kwa changarawe zilizogandamana kama zege. Changarawe zenyewe za mviringo, nyingine kubwa karibu ya ndimu. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya ule wa hewa yetu ya usawa wa bahari. Upepo wake hauwezi kuburura jiwe la kadiri hiyo. Walipopima wakakadiria mto ule maji yake yalifika baina ya kifundo cha mguu na nyonga, yakienda kiasi cha mita 1 kwa sekunde. Kama mtu anayetembea bila haraka.

Yote hayo yamesomwa kwenye umbo la kokoto.

#4 MtakaHoja
Mwalimu nakuheshimu, lakini mbona hutaji volkeno? Mirihi ina Olympus Mons, mlima wa volkeno wenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, mkubwa kuliko zote tunazozijua. Lava ni kimiminika, inachimba mikondo. Mwezini kuna mabonde yaliyochimbwa na lava, na watu wa Apollo 15 walisimama ukingoni mwa moja mwaka 1971. Hakuna anayesema Mwezi ulikuwa na mito.

Binadamu akitamani kitu hukiona. Mwaka 1877 NASA wenyewe walisema Mirihi kuna mifereji, baadaye ikaonekana haipo.

#5 DarubiniMbweni
Hapo #4 sahihisho. 1877 hakukuwa na NASA, imeundwa 1958. Aliyechora mistari ile ni Giovanni Schiaparelli, Mtaliano, akaiita kwa neno la lugha yake ambalo linaweza kuwa mkondo wa asili tu. Waliotafsiri wakaufanya mfereji wa kuchimbwa. Baadaye Percival Lowell, Mmarekani, akajenga kituo chake Flagstaff mwaka 1894 na kuichora kwa miaka. Chombo cha angani Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi mwaka 1965, picha zikaonyesha kasoko na vumbi. Ile mistari haikuwapo.

Mabonde tunayoyazungumza ni mengine. Yalionekana na Mariner 9, iliyofika 1971 ikakuta dhoruba ya vumbi imefunika sayari nzima. Vumbi lilipotulia, yakatokea mabonde yenye matawi: madogo yanaingia kwenye makubwa, makubwa yanaingia kwenye makubwa zaidi, kama mishipa ya jani la mwembe. Lava kawaida haifanyi hivyo. Hutoka penye tundu lake, na bonde linazidi kuwa jembamba kila linavyokwenda mbali.

Ila kuna mikondo mingine mikubwa mno, ya kilomita mia na zaidi, inayoanza ghafla bila matawi. Wengi wanasema ni mafuriko ya mara moja. Wapo wanajiolojia wanaosema baadhi yake ni kazi ya lava. Kwa hiyo MtakaHoja hakukosea yote.

#6 FundiUashi
Kokoto za mviringo hazishiki saruji vizuri kama za kupasuliwa. Mkijengewa nyumba angalieni hilo. Samahani kwa kutoka nje ya mada.

#7 DadaMwani
Miye nalima mwani Paje, mwaka wa kumi na tatu huu. Maji ya bamvua yakitoka twaenda mbali mpaka karibu na mwamba, kazi yetu ni kuinama kuanzia kupwa mpaka maji yarejee. Kwa hiyo chini nakujua vizuri.

Mchanga una makunyanzi. Lakini si ya namna moja. Pale maji yanapotoka kwa nguvu kwenye mlango, kila tuta lina mgongo mrefu upande mmoja na ukuta mkali upande wa pili, unajua tu mkondo umeelekea wapi. Kwenye vidimbwi vilivyobaki, maji yanayochezeshwa na upepo mbele na nyuma, matuta yako sawa pande zote mbili na ncha yake imechongoka. Baina ya tuta na tuta unaingiza vidole viwili au vitatu. Nikikanyaga yanaharibika, kesho nayakuta yamerudi vile vile.

Sasa mwalimu, kama Mirihi kulikuwa na maziwa, si wangeyakuta makunyanzi hayo kwenye mawe?

#8 MwlJiografia
Dada yangu, umefika penyewe. Wameyakuta.

Mwaka 2022 Curiosity ikipanda ule mlima ulio katikati ya Gale ilikuta tabaka la mwamba lenye makunyanzi sawa pande zote mbili, kama ya vidimbwi vyako. Waliyapima na ripoti ikatoka 2025: tuta lina urefu wa milimita 6 hivi, na kutoka tuta hadi tuta ni sentimita 4 mpaka 5. Kwa vipimo hivyo wakapiga hesabu kuwa ziwa lenyewe lilikuwa na kina kisichofika mita 2. Tena lilikuwa wazi, halikufunikwa na barafu, kwa sababu barafu ikitanda upepo hauwezi kuyachezesha maji yaliyo chini yake. Hayo ni mambo ya miaka kama bilioni 3.7 iliyopita.

#9 MtakaHoja
Upepo nao hufanya matuta kwenye mchanga mkavu. Nenda fungu lolote ukaone.

#10 DadaMwani
Kaka, ya upepo twayaona kila siku juu kwenye minazi. Yamelala, mapana, na yana upande mmoja mkali. Hayafanani na ya kidimbwi hata kidogo. Njoo Paje nikuonyeshe yote mawili kwa asubuhi moja.

#11 KijanaDarajani
MtakaHoja umealikwa, chukua viatu vya plastiki, kuna vijiti vya mwani na kuna uduvi wa miba 😀

#12 DadaMwani
Ni mashalulu, si uduvi. Uduvi unaliwa.

#13 MchumviPemba
Salaam kutoka Pemba. Nimesoma yote, naona hakuna aliyeigusa chumvi.

Siye kwenye mashamba ya chumvi tunaingiza maji ya bahari bwawa la kwanza, jua linayakausha, tunayahamishia la pili, la tatu. Chumvi haiji mwanzo. Kabla yake, maji yakipungua mpaka yamebaki kama robo, chini hufanyika ukoko mgumu mweupe, kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria. Ukiutia mdomoni hauna ladha. Ule ni jasi, ile ile wanayofanyia chaki na plasta. Maji yakizidi kupungua yakabaki kama sehemu moja ya kumi ndipo chumvi yenyewe inapoanza kukaa. Utaratibu huu haugeuki hata ufanye nini. Nikiona ukoko wa jasi mahali pakavu, najua maji yenye madini yalikuwapo na yakaondoka polepole.

Nilisoma kuwa Mirihi wamekuta jasi, mstari mweupe ndani ya jiwe. Nikasema moyoni, hawa wameona ninachokiona mimi kila kiangazi.

Jambo la pili ni tope. Bwawa likikauka kwa mara ya kwanza tope linapasuka vigae, na mipasuko inakutana kama herufi T: mmoja umetangulia, mwingine umekuja kuugonga. Likilowa tena na kukauka, likalowa tena na kukauka, zile kona zinalegea na kugeuka herufi Y, vigae vinakuwa vya pembe sita. Bwawa la siku nyingi nalitambua kwa Y zake.

#14 DarubiniMbweni
@MchumviPemba wallahi post yako ningeibandika ukutani.

Ule mstari wa jasi uliokutwa 2011 ni kazi ya gari jingine, Opportunity, upana wake kama kidole gumba na urefu kama nusu mita. Pale maji yalipita chini kwa chini ndani ya ufa wa mwamba yakaacha jasi, kwa hiyo si lazima liwe bwawa lililokauka kama lako. Hilo tulitenganishe.

Lakini tope lako! Curiosity ilikuta vigae vya pembe sita vyenye kona za Y, ripoti ikatoka 2023. Mipasuko yenyewe mifupi, ya sentimita chache tu, na walioichunguza wanasema hoja yako hiyo hiyo: palilowa na kukauka mara nyingi, kama masika na kiangazi. Mafuriko ya siku moja hayafanyi hivyo.

#15 Bopwe77
Curiosity si ndiyo iko Jezero kwenye delta?

#16 MwlJiografia
Hapana, Jezero iko Perseverance, imetua Februari 2021. Kasoko ya Jezero ni ndogo, upana kama kilomita 45, na imepewa jina la mji wa Bosnia; kwa lugha kadhaa za kule neno hilo maana yake ni ziwa. Pale mto uliingia ziwani ukamwaga mashapo yake, na shepu ya upepeo wa mkono iliyobaki inaonekana mpaka kutoka angani. Kama mnavyoona Rufiji inavyotawanyika kabla ya kuingia baharini.

#17 FundiChokaa
Naomba kuuliza. Mawe yetu ya matumbawe tunayachoma tanuuni yanatoa chokaa. Hata ukilitia siki jiwe linatoka povu. Nimesikia hewa ya Mirihi ni ile gesi tunayoitoa puani, kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ikikutana na maji na mawe si inafanya chokaa? Basi kama kulikuwa na maji mengi na hewa nzito, Mirihi nzima ingekuwa kama Nungwi, jiwe la chokaa kila pahala. Ipo?

#18 MsomiTunguu
Fundi, swali lako limewasumbua watu kwa miaka mingi. Ipo, lakini kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Gari jingine la utafiti, Spirit, lilikuta mwamba mmoja wenye kabonati (madini ya jamii ya chokaa yako) kwa wingi, Jezero nako ipo pembezoni, na mwaka 2025 ikatoka ripoti ya Curiosity kuwa mawe iliyotoboa yana kabonati ya chuma, kama asilimia 5 mpaka 10 ya uzito. Huenda nyingine imejificha ndani. Huenda haikuwapo nyingi.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na mwalimu. Nyote mnazungumza kana kwamba Mirihi ilikuwa na hali ya hewa ya Zanzibar. Jua la wakati ule lilikuwa changa, mwanga wake pungufu kwa robo au zaidi kuliko leo. Mirihi nayo iko mbali na jua mara moja na nusu kuliko sisi. Ukipiga hesabu, pale ni baridi kali. Kwa hiyo kundi kubwa la watafiti linasema juu ya nyanda za juu palitanda barafu na theluji, na maji yalitiririka vipindi tu: volkeno zikilipuka zikatoa gesi za joto, au kimondo kikubwa kikaanguka, barafu ikayeyuka kwa miaka kadhaa au mamia kadhaa, kisha kukaganda tena. Mito ilikuwapo, sikatai. Mvua za masika ndizo ninazozitilia shaka.

Hata ile rangi nyekundu. Tumezoea kusema ni kutu ya hematiti, ya ukavu. Utafiti wa 2025 ukasema vumbi lile linafanana zaidi na ferihidraiti, kutu inayofanyika penye maji, tena ya baridi.

#19 MwlJiografia
Kijana, hoja yako nzito, lakini udongo mfinyanzi unaufanyaje? Mirihi una tele kwenye miamba ya kale. Jiwe la volkeno haligeuki udongo mfinyanzi kwa kulowa wiki mbili. Tena makunyanzi ya #8 yanataka maji yaliyo wazi, hayakubali barafu.

#20 MsomiTunguu
Udongo mfinyanzi unaweza kufanyika chini ya ardhi kwenye maji ya moto, bila mvua hata moja. Makunyanzi nayakubali, ila ni ya ziwa moja na kipindi kimoja.

#21 MtakaHoja
Naona sasa tunaanza kuzungumza. Na zile duara je? 2004 Opportunity ilikuta vijiwe kama punje za pilipili manga vimetapakaa, wakasema ni maji. Kimondo kikipiga ardhi mawe yanayeyuka, yanaruka, yanaganda hewani yakiwa duara. Hakuna haja ya maji.

#22 DarubiniMbweni
Hilo walilifikiria. Matone ya kimondo huanguka kwa pamoja, ungeyakuta tabaka moja kama vumbi lililotua. Punje zile zilikuwa *ndani* ya mwamba, zimesambaa juu mpaka chini kwa nafasi karibu sawa, kama pilipili manga kwenye pilau. Hiyo ni dalili kuwa zilikua mle mle, maji yakipenya polepole na kuacha chuma chake. Na ndani ya mwamba huo wakakuta jarositi, madini ambayo hayafanyiki bila maji, tena maji makali kama siki.

#23 KijanaDarajani
Saa hizi mtu anataja pilau jamani.

#24 Bopwe77
Lakini si walishathibitisha maji yapo mpaka leo? 2015 walitangaza, mistari myeusi inashuka kwenye miteremko kila kiangazi cha huko.

#25 MsomiTunguu
Walitangaza ni dalili za maji ya chumvi. 2017 wengine wakapima miteremko wakakuta mistari ile inakoma pale pale mchanga mkavu unapoweza kusimama wenyewe. Wengi sasa wanaelekea kwenye mchanga unaoporomoka. Barafu ndiyo haina ubishi: chombo cha Phoenix mwaka 2008 kilichimba karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, kikafukua mabonge meupe, baada ya siku chache yametoweka yenyewe. Kwa hewa nyepesi vile, barafu haiyeyuki, inapanda hewani moja kwa moja.

#26 NahodhaMstaafu
Shikamooni wakubwa wenzangu, wadogo hamjambo. Mimi nimevuka baina ya Unguja na Pemba kwa jahazi miaka mingi, nina moja la kuuliza: hayo maji yamekwenda wapi? Bahari haipotei kama sarafu.

#27 DarubiniMbweni
Marahaba mzee wetu, yaani shikamoo. Kuna njia tatu na kila moja ina watu wake. Mirihi imepoteza sumaku yake ya ndani zamani, upepo wa jua (chembe zinazotoka juani) ukawa unaipapasa hewa na kuibeba. Chombo cha MAVEN, kilichozunguka Mirihi, kilianza kulipima jambo hilo 2014. Hidrojeni nyepesi imetoroka zaidi na nzito imebaki, ndiyo maana maji ya kule yana hidrojeni nzito mara tano au zaidi kuliko yetu.

Utafiti wa 2021 ukasema sehemu kubwa haikutoroka, imefungwa ndani ya madini ya miamba, kati ya asilimia 30 na 99. Upana huo wa makadirio peke yake unaonyesha bado ni mapema. Halafu 2024 waliosoma mitetemo ya ardhi ya Mirihi iliyorekodiwa na chombo cha InSight wakasema huenda maji yapo bado kwenye nyufa za miamba, kina cha kilomita 11.5 mpaka 20.

#28 MchimbaKisima
Kilomita kumi na moja! Na siye pima ya tano tu tumechoka.

#29 Bopwe77
Hata Unguja na Pemba zilikuwa nchi kavu na bara, bahari ilishuka.

#30 NahodhaMstaafu
Pemba hapana, mwanangu. Mkondo wa Unguja na bara ni maji mafupi, wa Pemba hauna mwisho, unateremka kama mita 800.

#31 MwlJiografia
Nahodha kasema kweli. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilishuka kiasi cha mita 120, Unguja ikaungana na bara. Pango la Kuumbi kule Jambiani wamefukua mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawawezi kuogelea mpaka huku. Pemba ilibaki kisiwa.

#32 KijanaDarajani
Kumbe Wapemba mmejitenga tangu zama hizo!

#33 MchumviPemba
Tulikuwa tunawasubiri nyinyi mrudi kisiwani 😀

#34 UstadhWete
Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 30, inataja kuwa kila kilicho hai kimetokana na maji. Ndiyo maana swali la mtoto la chaza ni swali kubwa. Je, hakuna alama yoyote ya uhai?

#35 MwlJiografia
Ustadh, kilicho karibu zaidi na chaza wa Makunduchi ni jiwe moja Perseverance ililolitoboa Julai 2024, kwenye bonde la mto uliokuwa ukiingia Jezero. Lina madoa kama ya chui: katikati meupe, ukingoni meusi. Ripoti ya 2025 inasema kwenye madoa kuna madini ya chuma, fosfeti na salfa ambayo hapa duniani mara nyingi hufanywa na vijidudu vya kwenye tope. Lakini yanaweza kufanyika bila uhai pia. Kipande chake kimefungwa kwenye kijaluba cha chuma, kiko kule kule, hakijaletwa.

#36 MtakaHoja
Basi tuseme hivi. Kokoto nimekubali. Makunyanzi nimekubali kwa heshima ya dada wa Paje. Ziwa la kudumu maelfu ya miaka, na mvua, bado sijakubali, niko na MsomiTunguu.

#37 DadaMwani
Mwaliko haujafutwa.

#38 MchimbaKisima
Shukrani nyote. Nimemsomea mtoto uzi wote, pale pa ukoko wa jasi akaenda kuchungulia sufuria. Halafu kaniuliza: kama jiwe linakumbuka maji yaliyolipitia, mbona kisima chetu kimetoa maji ya chumvi na bahari iko mbali vile? Maana jana tumefika kwenye maji, na kweli yana chumvi.

#39 MchumviPemba
Mmechimba kupita kiasi kaka. Kwenye matumbawe maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari, mkiteremka sana mnayatoboa. Rudisheni jiwe chini, mjaze pima moja, muache yatulie siku kadhaa kisha myaonje tena.

#40 DadaMwani
@MchimbaKisima bamvua linakuja, mlete mtoto na rula. Nataka tupime makunyanzi ya kidimbwi changu tuone kama nayo yanafika sentimita 4 au 5.